Rangi na Vivuli katika Michoro ya Kompyuta

Mwalimu wa Baiolojia anaweza kuchora kwa kompyuta mkato wa shina la mmea, akaitia mirija ipandishayo maji rangi nyekundu, na ile isafirishayo chakula rangi ya kijani. Katika kioo cha kompyuta mchoro huo hupendeza na kueleweka. Lakini ukichapwa kwa wino mweusi na kunakiliwa kwa ajili ya darasa zima, huenda mirija yote ikatokea katika kijivu kile kile, na mwanafunzi asijue ipi ni ipi. Hapo mwanafunzi hakukosa kusoma. Ni mchoro uliokosa kusema. Makala haya yanaeleza kwa nini jambo hili hutokea, na jinsi ya kuchagua rangi na vivuli ili mchoro usomeke popote uendapo.

Rangi kama namba

Kioo cha kompyuta kimejaa nukta ndogo mno ziitwazo pikseli. Kila pikseli hutoa mwanga wa aina tatu: mwekundu, wa kijani na wa buluu. Nguvu ya kila mwanga huandikwa kwa namba kuanzia 0 hadi 255, yaani ngazi 256. Kwa hiyo rangi zinazoweza kuandikwa ni 256 × 256 × 256, ambazo ni 16,777,216. Namba zote tatu zikiwa 0, nukta huwa nyeusi. Zote zikiwa 255, huwa nyeupe. Nyekundu 255 na kijani 255 pasipo buluu, yaani (255, 255, 0), hutoa manjano. Jambo hili huwashangaza waliozoea rangi za kupaka. Rangi ya kupaka hufyonza mwanga, na kila inapochanganywa na nyingine mwanga hupungua; kioo cha kompyuta hutoa mwanga, na kila unapoongezwa, weupe hukaribia.

Mianga hii ni mitatu kwa sababu ya maumbile ya jicho lenyewe. Mwaka 1802 Thomas Young, mwanasayansi wa Uingereza, alitoa wazo kwamba jicho hutambua rangi zote kwa kutumia vipokezi vya aina tatu tu. Mwaka 1861 James Clerk Maxwell alionyesha mjini London picha ya utepe wa rangi iliyoundwa kwa picha tatu, zilizopigwa kupitia vichujio vyekundu, vya kijani na vya buluu. Leo yajulikana kwamba vipokezi hivyo ni chembe za koni zilizoko katika retina.

Jicho halipimi kwa usawa

Ijapokuwa namba za kompyuta hulingana, jicho haliupokei mwanga wa kila rangi kwa kiasi kimoja. Kijani 255 huonekana king'avu mno kuliko nyekundu 255, na buluu 255 huwa hafifu kuliko zote. Wahandisi wa televisheni nchini Marekani walilazimika kulitatua jambo hili mwaka 1953, walipotaka matangazo ya rangi yaweze kupokewa pia na televisheni za nyeusi na nyeupe. Hesabu yao, ikifupishwa, ni hii:

Kijivu = (0.30 × nyekundu) + (0.59 × kijani) + (0.11 × buluu)

Kwa vioo vya siku hizi vizidishi hivi hubadilika kidogo, lakini mpangilio haubadiliki: kijani hutangulia, nyekundu hufuata, na buluu huwa ya mwisho.

Sasa turudi kwenye shina la mmea. Ikiwa nyekundu iliyotumika ni (200, 0, 0), kijivu chake ni 60. Ikiwa kijani ni (0, 100, 0), kijivu chake ni 59. Rangi mbili zilizo mbali kabisa kwa jina zimekuwa ndugu kwa ung'avu. Mwalimu akichagua nyekundu iliyoiva (150, 0, 0), kijivu ni 45. Na akichagua kijani kilichopauka (150, 220, 120), kijivu ni 188. Mirija itatofautiana hata katika nakala hafifu.

Kivuli ndicho kijengacho umbo

Ung'avu ndio pia unaolifanya duara lionekane kuwa tufe. Chukua chungwa bivu lililoangazwa na jua kutoka upande mmoja. Upande uelekeao jua ni mng'avu. Kadiri ngozi yake inavyopinda kuliacha jua, ndivyo ipokeavyo mwanga kidogo zaidi, mpaka kufikia ukanda wa giza. Chini, karibu na meza, giza hupungua tena kidogo, kwa kuwa meza hurudisha mwanga juu. Mwisho kuna kivuli ambacho chungwa lenyewe hukiangusha mezani. Mchoraji asiyeamua kwanza mwanga unatoka wapi hawezi kuviweka vivuli hivi mahali pake.

Wanaoanza kuchora huongeza weusi tu kila penye kivuli. Ikiwa chungwa ni (240, 140, 30), nusu ya kila namba ni (120, 70, 15), na kijivu chake ni 79. Hilo si kosa kwa chungwa lililo ndani ya chumba chenye kuta nyeupe. Lakini nje, mahali pasipofikiwa na jua huangazwa na anga, na mwanga wa anga una buluu nyingi. Hivyo kivuli chaweza kuandikwa (110, 72, 30). Kijivu chake ni 79 vile vile, lakini rangi imeelekea kwenye ubaridi, na chungwa huonekana limekaa chini ya anga halisi.

Wasioona tofauti

Kuna sababu nyingine ya kutotegemea jina la rangi peke yake. John Dalton, yule yule wa nadharia ya atomu, alieleza mjini Manchester mwaka 1794 kwamba hakuona rangi kama watu wengine. Jicho lake lilihifadhiwa baada ya kifo chake mwaka 1844, na mwaka 1995 uchunguzi wa DNA ulionyesha kwamba alikosa kipokezi kihusikacho na mwanga wa kijani. Hali hii hurithiwa kupitia kromosomu X, na ndiyo maana huwapata wanaume zaidi. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya, wapatao 8 katika kila 100 wana upungufu wa kutofautisha nyekundu na kijani. Katika jamii nyingi nyingine idadi ni ndogo zaidi, lakini wapo. Mwanafunzi wa namna hii aweza kukaa darasani miaka mingi bila mtu kujua, na kila swali lisemalo "taja sehemu iliyotiwa rangi nyekundu" likawa mtihani wa macho badala ya mtihani wa Baiolojia.

Kwa hiyo mchoraji achague ung'avu kwanza, ndipo achague rangi. Achore kwa kijivu. Umbo na sehemu zikieleweka, atie rangi bila kuuvuruga ung'avu huo. Kila sehemu muhimu aiandikie jina au aichoree mistari, ili rangi isiwe shahidi wa pekee.

Zoezi

1. Tafuta kijivu cha (60, 140, 60) na cha (210, 60, 70). Je, rangi hizi zinafaa kutofautisha mikoa miwili inayopakana katika ramani?

2. Eleza kwa hesabu kwa nini maandishi ya manjano (255, 255, 0) husomeka kwa shida juu ya karatasi nyeupe.

3. Weka chungwa juani, kisha ndani ya chumba. Linganisha rangi ya kivuli chake katika mahali hapo pawili, na ueleze sababu ya tofauti utakayoiona.