Ukiwa Mrefu Ng'ambo ya Kisiwa: Pa Kuinama na Pa Kubishana

Nina futi sita na inchi sita, na riziki yangu ni friji. Wenye maduka hupewa friji za kioo za kuuzia soda, na zinapogoma kupoza mimi ndiye ninayeitwa kutoka Kisumu. Kisiwani Mombasa sikai sana. Kazi iko bara: Likoni, Kisauni, Changamwe, ndani ya vioski ambavyo mwenyewe alivijenga kwa kimo chake. Warefu wenzangu huniuliza ninavyoishi huko, kwa hiyo nimeona niandike yote mahali pamoja, hasa kwa yule anayeshuka Miritini au Mwembe Tayari kwa mara ya kwanza akidhani atazoea tu.

Hatazoea. Atakachojifunza ni pa kuinama na pa kubishana, na usichanganye hayo mawili. Kuna vitu vya pwani vilivyo chini kwa sababu ya jua na mvua. Hivyo inama, havijakukosea. Vingine vimebana kwa sababu kuna mtu aliyepiga hesabu ya nauli. Hapo fungua mdomo.

Tuanze na matatu, maana ndiyo itakayokuumiza kila siku. Nyingi za Kisauni, Bamburi, Magongo na Mikindani ni Toyota HiAce za abiria 14, zilizotumika Japani kabla ya kufika hapa. Baadhi zilikuwa gari za mizigo, viti vikaja kufungwa baadaye, na fundi anayefunga viti hapimi goti la mtu. Epuka safu inayokalia magurudumu ya nyuma. Sakafu yake imepanda, magoti yanakuja kifuani, na kila tuta la barabarani utasalimiana na paa.

Kiti chema ni mbele, dirishani, upande wa kushoto. Kile cha kati kando ya dereva usikitamani: injini iko chini yako, utaiva, na goti litakuwa njiani kila dereva anapotafuta gia. Ukikosa mbele, kaa pale mlangoni panapobaki nafasi ya kupitia watu. Utainuka kila kituo kupisha wanaoshuka, lakini miguu itapata pa kwenda. Kuna konda wa Magongo aliyeona nimeziba mlango akanigeuza msaidizi wake: yeye anakusanya nauli, mimi nafungua na kufunga, tena ananiambia niite abiria maana sauti yangu inatoka juu. Nilishuka Changamwe bila kudaiwa kitu. Nafikiri ulikuwa mkataba wa haki.

Cha muhimu zaidi ni kuomba mapema. Ukishakaa nyuma umekubali. Simama steji, mtazame konda, mwambie: "Ndugu yangu, naomba mbele, miguu yangu haiingii huko nyuma." Hakuna haja ya hotuba. Mchana, gari linapotafuta watu, atamhamisha hata shemeji yake akuweke wewe. Asubuhi watu wanapokimbilia kazini hatakusikia, wala si ubaya wake. Subiri gari linalofuata uwe wa kwanza kuingia. Kwa safari ndefu, tuseme kutoka Likoni hadi Lunga Lunga, lipia viti viwili ukae kiupandeupande. Wengi wanaona ni ufujaji. Mimi naona ni bei rahisi kuliko goti.

Tena tushukuru. Kabla ya kanuni zilizoletwa na waziri John Michuki, zilizoanza kazi mwaka 2004, matatu ilikuwa inajazwa hadi watu wanasimama wamekunja shingo. Mikanda na kiti kimoja kwa mtu mmoja viliandikwa kwa ajili ya ajali, lakini shingo zetu nazo zilipona. Jioni bado utaona konda akijaribu kuongeza wa kumi na tano. Kataa kumpakata mtu.

Tuktuk ni rahisi kuliko inavyoonekana. Ukipanda peke yako kaa katikati, panapo nafasi ya kichwa zaidi, ufungue magoti huku na huku ya kiti cha dereva. Mkiwa watatu chukua upande ulio wazi ili mguu mmoja upumue, ila usiutoe nje: boda hupita karibu kiasi cha kuchukua kiatu. Chuma cha paa ndicho cha kuchunga wakati wa kushuka. Toa mguu, kisha kichwa, kisha mwili. Ukitanguliza mwili, paji la uso ndilo litakalolipa. Boda yenyewe sina neno nayo, isipokuwa shavu la mguu mrefu hupenda kulalia bomba la moshi.

Halafu ipo feri ya Likoni, mahali ambapo mrefu anakula raha. Anayevuka kwa miguu halipi, maji ni ya dakika chache, na katika ule umati unaoteremka mlango unapofunguliwa wewe ndiye unayepata upepo. Watu watakutumia. Nimesikia dada mmoja ubavuni mwangu akisema kwenye simu, "Niko hapa karibu na huyu jamaa mrefu, njoo tu utamwona." Nilibaki palepale mpaka mwenzake akafika, kuhama kungekuwa kukosa adabu. Walio nyuma watakuuliza kama feri imeshaanza kushusha. Wajibu, na ukiona mbele pamejaa, sema kwa sauti. Wenyeji hawajasahau Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyojazwa kupita kiasi ilipopinduka na watu zaidi ya 250 wakafa. Kusukumana pale si mzaha, na macho yako yanaona mapema kuliko ya wengine.

Hatari yenyewe haiko ndani ya gari. Iko njiani, kwa miguu. Mabati ya vioski yamekatwa yakaachwa na ncha, na ncha hiyo iko kimo cha jicho lako, si cha mtu mwingine yeyote mtaani, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuikunja. Kongowea sokoni kuna kamba za maturubai, nazo zinapita shingoni. Kuna miavuli ya wauzaji, kila waya umesubiri. Mbinu yangu ni kofia yenye ukingo wa mbele: ukingo ukigusa kitu, simama. Usiku sipiti vichochoro vya vioski kabisa. Natembea katikati ya njia kama gari, nikisikia honi nasogea.

Na utani. Watoto watakuita mlingoti, mnazi, mnara wa simu. Watu wazima watakuuliza kama wewe ni Msudani. Ukikasirika umekwisha, mtaa mzima utalijua hilo jina kabla ya magharibi. Mimi huwaambia kwamba Manute Bol, yule Mdinka aliyecheza kikapu Marekani, alikuwa na sentimita 231, na mimi kwake ni mtoto wa shule ya chekechea. Wanacheka, soda inaletwa, friji inatengenezwa.

Tuje majumbani. Makuti ya nyumba za zamani, na ya migahawa mingi ya ufukweni, yameinamishwa sana ili mvua iteleze, na ukingo ukashushwa ili jua lisipige ukuta wala mvua isiulowe. Juu katikati kuna nafasi ya kusimamisha mrefu kuliko mimi. Ni pale pa kuingilia tu. Hapo inama bila kununa. Kuna faida pia: wazee hukaa barazani, na mtu mrefu aliyesimama juu ya mzee akimsalimu haonekani vizuri hata kidogo. Ukingo ukishakuinamisha, shikamoo inatoka ikiwa mahali pake. Ukiambiwa karibu, kaa upesi, hata kama ni kwenye kigoda. Mazungumzo yanaanza ukishakaa.

Ukialikwa kula, pengine mtakaa mkekani kuzunguka sinia moja. Huu ndio mtihani. Miguu mirefu ukiikunja yote miwili, magoti yako yanaingia kwenye wali wa jirani. Ukiinyosha, unaelekeza nyayo kwenye chakula, na hilo ni aibu. Walionifundisha ni vijana wa Mtopanga: lalia mguu wa kushoto, simamisha goti la kulia karibu na kifua, geuza bega kidogo kuelekea sinia. Unakula kwa mkono wa kulia ukipita kando ya goti. Baada ya muda mguu wa chini unakufa ganzi. Omba maji ya kunawa, inuka kidogo, badilisha. Hakuna atakayekuhoji.

Chumbani angalia juu kwanza. Feni ya darini katika vyumba vya kupanga huning'inia chini, na mrefu anapovua shati mikono hupanda yenyewe. Katika gesti moja ya upande wa kaskazini, ambayo sitaitaja, panga lilinipiga vidole viwili. Kucha ilichukua muda kurudi. Zima feni kabla ya kuvaa na kuvua, au ukae kitandani uvulie hapo. Vioo vya bafuni navyo vimetundikwa kwa kimo cha kifua changu, basi ukanyolewe kwa kinyozi upumzishe mgongo.

Vitanda huuzwa na kutajwa kwa futi: tatu kwa sita, nne kwa sita, tano kwa sita, sita kwa sita. Upana unabadilika, urefu uko palepale. Kwa hiyo mtu wetu haulizi chumba kizuri, anauliza kitanda kipana, kisha analala mshazari. Piga hesabu: kutoka pembe hadi pembe, tatu kwa sita inakupa futi 6.7, ambazo kwangu hazitoshi hata kugeuka. Nne kwa sita inafika 7.2. Tano kwa sita inakaribia 7.8, na hapo mtu anaota ndoto nzima. Uliza pia kama kitanda kina ubao wa miguuni. Kisipokuwa nao, hata kifupi kinavumilika, nyayo zinaning'inia kwenye hewa.

Lakini nyayo zinazoning'inia ni karamu ya mbu. Chandarua cha mviringo kinachofungwa juu kwa kamba moja huja kikiingia ndani kuelekea miguuni, na mbu hahitaji tundu: ngozi ikigusa wavu, anakuuma kupitia hapo. Omba cha pembe nne, kipana kuliko kitanda, ukichomeke chini ya godoro. Ikiwa huna, vaa soksi. Naam, Mombasa, soksi, kwenye joto lile. Bora hivyo.

Ukikaa miezi, usinunue kitanda dukani. Maseremala wako kando ya barabara kote Kisauni na Likoni, na ukimwambia fundi futi saba hatashangaa, ataongeza mbao na bei kidogo. Godoro ndilo tatizo, kwa kuwa halikuongezwa. Nunua kipande cha sponji cha unene uleule, kijaze pengo upande wa kichwa, si wa miguu, mto ukae juu yake. Mama mwenye nyumba niliyopanga Mtongwe aliposikia nimeagiza kitanda cha futi saba alicheka hadi akajifuta machozi kwa leso. Tangu hapo, "Mwanangu, hebu nitolee balbu hii" ikawa kazi yangu, na samaki wa kupaka akawa malipo.

Mavazi ni mepesi. Kanzu za madukani zina namba, nayo ni urefu kwa inchi. Zinazopatikana kirahisi huishia 60 au 62. Juu ya hapo nenda kwa fundi wa cherehani ukiwa na kitambaa chako, umwambie ikomee juu ya kifundo, asije akakata kwa mazoea ya wateja wake. Kikoi kitakufika katikati ya shavu la mguu na kitapendeza tu.

Mitumba ndiko kimo kinakulipa. Kongowea, robota likifunguliwa asubuhi, wote wanagombania viatu vya namba 41 hadi 43. Zile 47 na 48 kutoka Ulaya zinabaki chini ya meza mpaka alasiri, na muuzaji anatamani mtu wa kumpunguzia mzigo. Nenda saa tisa. Jaribu kiatu haraka, kivue, kirudishe mezani, uangalie vingine kwanza. Bei uulize baadaye uso ukiwa umekunjwa, kwa maana akishajua kimekuenea haishuki tena.