Somo la Mwezi Huu: Damu Inavyojiziba



Somo hili limetokana na swali. Katika kikao cha akina mama upande wa Diani, mama mmoja alituambia: "Mwanangu alishikwa na homa kali. Nilimnunulia dawa ya maumivu dukani, kesho yake ufizi ukaanza kutoka damu. Je, ni mimi niliyemdhuru?" Kijana alipona, lakini wenzake wote walinyamaza. Maana nani kati yetu hajafanya vile?

Mafundi wa damu

Ndani ya damu mna chembe ndogo sana ziitwazo chembe sahani, kwa kuwa ni bapa kama visahani. Hutengenezwa katika uboho wa mifupa na huishi siku 8 hadi 10 hivi. Tone dogo mno, la milimita moja kwa urefu, upana na kimo, lina chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000 kwa mtu mzima mwenye afya.

Fikirini chombo kinachovuja baharini. Fundi husindilia pamba kwenye nyufa, ndiyo kalafati. Mkijikata kisu, mshipa hujibana kwanza. Kisha chembe sahani hukimbilia pale, hunata, huvimba na kuitana mpaka tundu lizibe. Halafu protini za damu hufuma nyuzi juu yake, kama wavu, na damu huganda.

Ndiyo maana tunasema: kidonda kibanwe kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunua-funua. Ukichungulia kila mara unang'oa kalafati. Kahawa, majivu na mafuta ya taa havizibi kitu, vinachafua tu.

Homa ya denge

Si kila homa ni malaria. Denge, ambayo wengine huiita kidingapopo, ipo Pwani yetu. Ililipuka Malindi mwaka 1982, na Mombasa miaka ya 2013 na 2017. Watafiti waliopima watoto wenye homa huku Msambweni waliikuta pia.

Denge hupunguza chembe sahani. Tena hufanya mishipa midogo ivujishe maji ya damu, na huko kuvuja ndiko kunakoua zaidi. Sasa, aspirini huzizuia chembe sahani zisishikane, na chembe iliyoguswa haifanyi kazi tena mpaka ife. Ibuprofeni na diklofenaki nazo huzizuia kwa muda. Yaani mafundi wamepungua, na waliobaki tumewafunga mikono!

Basi yule mama tulimjibu hivi: mtoto hakupimwa, hivyo hatujui kwa hakika. Ufizi ungeweza kutoka damu kwa ugonjwa wenyewe, na dawa ingeweza kuzidisha. Kosa si lake, hakuna aliyemwambia. Sasa sote tumeambiwa.

Tufanye nini?

1. Mwenye homa apelekwe zahanati apimwe malaria kwanza.
2. Kutuliza homa tumia parasetamoli, kwa kipimo cha mhudumu wa afya. Soma pakiti: baadhi ya dawa za mchanganyiko zina aspirini ndani. Mtoto asipewe aspirini bila daktari. Lakini aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache mwenyewe, aulize daktari.
3. Anywe maji, uji, madafu, kidogo kidogo, mara nyingi.
4. Homa ikishuka msifurahi upesi. Siku ya 3 hadi ya 7 ndiyo ya hatari. Tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo, akitoka damu puani au kwenye ufizi, akilegea au kuhangaika, apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku.
5. Mbu wa denge huuma mchana na huzaa katika maji yaliyotulia. Funikeni mapipa na mitungi, mwageni maji ya matairi, fukieni vifuu vya nazi. Chandarua cha usiku peke yake hakitoshi.

Maswali ya kujadili

Duka la kijijini kwetu huuza dawa gani za homa, na nani anasoma pakiti? Usiku wa manane, gari la kumfikisha mgonjwa Msambweni litatoka wapi, na nauli italipwa na mfuko gani?

Swali hili la mwisho msiliache bila jibu. Liandikeni kwenye kitabu cha kikundi kabla mvua haijaanza.