Usimwache Mgonjwa Ndani ya @Service

Msimu wa projekti ukifika, kuna swali linalozunguka maabara za kompyuta kuanzia Njiro hadi Tengeru: kati ya @Component, @Controller, @Service na @Repository, niandike ipi? Jibu la mtaani ni "yoyote tu, zote zinafanya kazi." Hiyo ni nusu ya ukweli.

@Component ndiyo mama. Inaiambia Spring: tengeneza objekti ya klasi hii, uitunze. Hizo tatu ni watoto wake. @Controller hupokea maombi ya kivinjari. Katika Spring 6 ukiweka @Component mahali pake utaambulia 404 na kukesha ukitafuta kosa. @Repository huzungumza na hifadhidata, na Spring inaweza kuyageuza makosa ya Hibernate yawe ya kwake. @Service? Kusema kweli haina nguvu ya ziada. Ni kibao cha kumwonyesha msomaji kwamba kanuni za kazi zinakaa hapa.

Mfano mzuri uko kwa jirani. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya kliniki za Eldoret, Kenya, umejengwa kwa Java na Spring. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Utakuta PatientService, na nyuma yake PatientDAO inayoshughulika na hifadhidata.

Sasa, penye hatari. Usipoiambia vingine, Spring hutengeneza objekti moja tu ya kila kijenzi, na watumiaji wote wanaishiriki. Chukulia umejenga mfumo wa zahanati, na ndani ya @Service umeweka fildi: private Patient mgonjwa. Karani wa Ngaramtoni anafungua faili la Neema. Kabla hajahifadhi, mwenzake wa Usa River anafungua la Baraka. Fildi ni ileile, kwa hiyo Baraka amekaa juu ya Neema. Karani wa kwanza akibonyeza "hifadhi", dawa za Neema zinaingia kwa Baraka, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Kwenye laptop yako hutaliona hili, maana unajaribu peke yako. Hata siku ya kudefendi litapita.

Tiba yake ni nyepesi: mgonjwa apite kama parameta ya methodi. Kwenye fildi bakiza vijenzi vingine tu, mfano PatientRepository, uvipokee kupitia konstrukta na kuviandika final. Kabla ya kukabidhi projekti, pitia kila @Service, na kila fildi isiyo final iulize inafanya nini pale.