Kibanda cha Theluji: Somo la Ushirikiano kwa Watoto wa Shule ya Msingi

Wapo mapadre na mafrateri kutoka kwetu wanaotumwa kufanya utume katika parokia za Marekani na Kanada, na baadhi yao hukabidhiwa watoto wa shule ya parokia. Nchini Marekani Wiki ya Shule Katoliki huanza Dominika ya mwisho ya Januari, theluji ikiwa bado imelala uwanjani katika majimbo ya kaskazini. Aliyezoea kuongoza Utoto Mtakatifu kwa mpira na nyimbo chini ya mwembe atajiuliza afanye nini na watoto ishirini na wanne waliofunikwa makoti hadi puani.

Kuwafungia ndani si jibu. Mtakatifu Yohane Bosco alianza utume wake kwa vijana wa Torino tarehe 8 Desemba 1841, wakati wa baridi, naye alitaka mlezi awe uwanjani pamoja na watoto, si dirishani akiwatazama.

Lakini si kila mchezo hujenga umoja. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwakusanya wavulana 22 katika kambi ya Robbers Cave, Oklahoma, akawagawa makundi mawili na kuwashindanisha kwa zawadi. Muda si mrefu walikuwa wakitukanana na kuchomeana bendera. Kuwakutanisha tu kwenye chakula hakukusaidia, walitupiana vyakula. Kilichowalainisha ni kazi ambazo kundi moja halikuziweza peke yake: kutafuta hitilafu ya maji ya kambi, kulivuta lori kwa kamba. Yale yalikuwa majira ya joto, ila watoto ni walewale. Kwa hiyo mimi siungi mkono vita vya matonge ya theluji, wala tuzo kwa timu iliyomaliza kwanza. Tafuta kazi ambayo kidole kimoja hakiivunji.

Kazi hiyo ipo. Wenyeji asilia wa kaskazini mwa Kanada wana kibanda kiitwacho kwinzi: hurundika theluji, huiacha ishikane, kisha huichimba ndani iwe kama pango. Kinawafaa watoto wa darasa la tatu hadi la sita, wakiwa sita sita kwa kila kibanda.

Kabla ya koleo kuguswa, kagua mikono na miguu. Katika miji mingi ya kaskazini wamo watoto wa Kikongo waliokulia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, ambao theluji wanaiona kwa mara ya kwanza. Ukimwona mmoja amejibanza ukutani, mikono mfukoni, usiseme upesi kwamba hapendi kucheza na wenzake. Pengine hana glavu, na aibu inamzuia kusema. Weka kikapu cha glavu, soksi na kofia mlangoni, kila mtoto achukue jozi ya akiba, mwenye nazo na asiye nazo, ili asionekane aliyekosa. Bila hatua hii, mafundisho yote ya umoja atayasikia akiwa pembeni.

Asubuhi watoto warundike. Wawili wanachota kwa koleo, wawili wanavuta theluji juu ya turubai, wawili wanalisawazisha lundo. Lisizidi mita moja na nusu kwenda juu. Theluji ya baridi kali ni kavu kama unga wa sembe, haishikani mkononi. Lakini ukiihamisha na kuichanganya, punje zake hugusana na kuanza kugandana zenyewe. Liache lundo saa mbili hivi, watoto warudi darasani. Kwa wengine kusubiri huku ndiko sehemu ngumu kuliko zote.

Kisha chomekeni vijiti vya sentimita 30 kuzunguka lundo lote, vikielekea ndani. Mchimbaji akiona ncha ya kijiti anaacha kuchimba upande huo, kwa maana ukuta umefika unene wake. Aliyechomeka kijiti ovyo amemdanganya mwenzake aliye ndani, na watoto hulielewa hili upesi kuliko hotuba.

Achimbe mmoja tu kwa zamu ya dakika tano, akipiga magoti, mlinzi akiwa mlangoni akihesabu muda na kuongea naye. Theluji inayotoka ndani lazima ivutwe mara moja. Wavutaji wakizembea, mlango unaziba na kazi yote inasimama. Hapo usiingilie haraka. Waache waulizane wenyewe nani apunguze mwendo na nani aongeze. Mgeni asiyejua bado Kiingereza anaweza kabisa kuwa mlinzi wa mlango, maana kuhesabu na kuonyesha kwa mkono kunatosha.

Mambo machache hayana mjadala. Hakuna kupanda juu ya kibanda. Hakuna kuchimba pasipo mtu mzima. Kamwe msichimbe malundo ya kando ya barabara, ambako magari ya kusukuma theluji hupita. Tobosha tundu la hewa juu. Chunguza vidole, pua na masikio. Ngozi iliyokufa ganzi ni ishara ya baridi kuumiza mwili, na kwa mtoto mweusi badiliko la rangi halionekani upesi, basi muulize anahisi nini. Mwingize ndani apate joto taratibu, bila kumsugua.

Baadaye, kwenye uji au chokoleti ya moto, uliza maswali mawili tu: Ni wakati gani ulimhitaji mwenzako? Nani alikusaidia na hukumshukuru? Ukipenda, wasomee sura ya 12 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, lakini baada ya majibu yao, si kabla.

Kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, ingia mwenyewe uhakikishe kibanda ni kitupu, kisha wote wakibomoe kutoka nje. Kisilale usiku kucha, kwa sababu joto likipanda kidogo paa hulegea, na kesho yake lazima yupo mtoto atakayewahi kufika shuleni kabla ya mwalimu.