Ukuta Uko Wapi? Fonksheni Inapotoka Nje ya Eneo Lake

Chukua 1 + z + z² + z³ na kuendelea, z ikiwa namba changamano. Ndani ya duara lenye kitovu 0 na nusu kipenyo 1, jumla yake ni 1/(1 − z). Sasa weka z = 2. Mfululizo unakupa 1 + 2 + 4 + 8, unapaa bila kikomo. Fomula inakupa −1 bila jasho. Kwenye madesa mengi hapa ndipo mtu anaandika "haifai nje ya duara" na kufunga daftari. Jamani, kilichoishia pale ni mfululizo, si fonksheni.

Hamisha kitovu kutoka 0 hadi i/2, uandike fonksheni ileile kwa vipeo vya (z − i/2). Duara jipya linatanuka mpaka ligonge kizuizi cha karibu, nacho ni nukta 1. Kwa Pythagoras umbali huo ni kama 1.118, kwa hiyo juu unafika karibu 1.618i, wakati duara la kwanza liliishia i. Umeshatoka nje. Wala huna uhuru wa kuchagua utokee vipi: fonksheni mbili holomofiki zikilingana kwenye kipande kidogo cha eneo lililoungana, zinalingana eneo zima.

Lakini si kila fonksheni inatoka. Tazama f(z) = z + z² + z⁴ + z⁸ na kuendelea. Ukiisogelea 1 kutoka ndani, kila kijenzi kinakaribia 1, basi jumla inalipuka. Ila f(z) = z + f(z²), kwa hiyo inalipuka pia kuelekea −1, maana mraba wake ni 1. Kisha kuelekea i na −i, kisha nukta 8, 16, 32, mpaka ukingo mzima umejaa milipuko na hakuna upenyo hata wa sindano. Kwa kigeu kimoja, kila eneo, liwe na umbo lolote, lina fonksheni yake inayogoma hivi.

Ungetegemea vigeu viwili vilete mambo yaleyale, marefu zaidi tu. Hapana. Mwaka 1906 Mjerumani Friedrich Hartogs alionyesha kwamba huku kuna mashimo yanayojiziba yenyewe.

Chukua jozi (z, w) ambapo |z| < 1 na |w| < 1. Toboa shimo katikati: ondoa jozi zote zenye |z| ≤ 1/2 na |w| ≤ 1/2 kwa pamoja. Fonksheni f ni holomofiki kwenye kilichobaki. Shika w, kisha tumia intigrali ya Cauchy kuzunguka mzingo |z| = 3/4. Mzingo huo haugusi shimo kamwe, w ikiwa yoyote, kwa hiyo intigrali inazaa fonksheni F iliyo holomofiki popote |z| < 3/4 na |w| < 1, shimo likiwemo. Je, F ndiyo f? Chagua w yenye |w| > 1/2: hapo duara la z halina shimo, na Cauchy anasema F = f. Zikishalingana hapo, zinalingana kote zinapokutana. Shimo limezibwa, na hakuna aliyeiomba f ruhusa.

Kwenye semina kuna anayeuliza: mbona 1/z haizibiki? Swali zuri. Kwa vigeu viwili, 1/z hailipuki kwenye nukta moja; inalipuka kwenye z = 0 na w yoyote, na mstari huo hautoshi kujificha shimoni, unatokeza nje. Ndiyo maana ukiwa na vigeu viwili hutakutana na nukta ya mlipuko iliyokaa peke yake.

Hapo swali la eneo linageuka. Badala ya kuuliza fonksheni ipi inatoka, unauliza ni maeneo gani yana ukuta wa kweli. Tufe linao, tufe lenye shimo katikati halina. Mjapani Kiyoshi Oka alipata jibu la vigeu viwili mwaka 1942: umbo la ukingo wenyewe ndilo linaloamua.