Dondoo muhimu: Tarumbeta ghorofani, jirani apumzike

Ghorofa za Kariakoo zimebanana, na sauti ya tarumbeta, saksafoni au dramu haijui mpaka wa mpangaji. Zingatia haya:

• Piga mchana. Spika za maduka na honi za bodaboda husaidia kumeza sauti yako. Epuka alfajiri, usiku na nyakati za swala.

• Ziba mdomo mpana wa tarumbeta. Kizibo cha mazoezi (myuti) hupunguza sauti sana. Kwa saksafoni hakisaidii sana, kwani sauti hutoka pia kwenye matundu yake.

• Mpiga dramu, tumia pedi ya mpira. Chini tandika zulia nene au godoro. Mtikisiko hupita sakafuni hadi kwa jirani wa chini.

• Funga madirisha. Mapazia mazito hupunguza mwangwi chumbani, lakini hayazuii sauti kupenya ukutani.

• Gawa mazoezi. Kusoma nota na kuzoeza vidole kwenye vali hakuhitaji kupuliza.

• Ongea mapema. Waambie majirani saa zako, waachie namba ya simu, na umjulishe mwenye nyumba.

• Sauti kamili ipeleke nje ya nyumba. Omba nafasi kwenye ukumbi wa bendi au wa kwaya ya kanisa lako.

Kumbuka: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inagusa pia kelele, na taasisi ya taifa ya mazingira hupokea malalamiko. Jirani akigonga mlango, acha kupiga kwanza, kisha mzungumze.