SOMO LA WAZAZI: JE, ULEVI WA KESHO UNAONEKANA KATIKA UBONGO WA MTOTO?



Mara nyingi tunasikia likisemwa neno hili juu ya kijana: "Ana damu ya baba yake, atakuwa mlevi tu." Mwezi huu tumeona vema tulipime neno hilo.

Mwaka 2014 watafiti wa Ulaya walitangaza kazi yao juu ya vijana wa miaka 14. Kila kijana alilala ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo, huku akipewa michezo midogo: kuzuia mkono ghafula akionyeshwa alama, au kungojea zawadi. Mashine ilionyesha ni sehemu gani ya ubongo inafanya kazi. Kijana aliulizwa pia juu ya tabia yake na mambo yaliyompata maishani. Kisha wakamfuata mpaka miaka 16.

Waliweza kutambua mapema ni nani atakunywa kupita kiasi? Ndiyo, kwa vijana karibu 70 katika 100. Basi tuhesabu: karibu 30 walikosewa. Tena hapakuwa na alama moja ya ubongo iliyotosha peke yake. Ubongo, tabia, jamaa, shida za maisha, kila kimoja kilichangia kidogo. Ikiwa mashine ya bei kubwa hivyo inakosea, sisi tunaomtazama mtoto kwenye foleni ya maji tunampa jina la mlevi kwa ushahidi gani?

Kazi hiyo ilionyesha jambo lingine: kuonja pombe hata mara moja au mbili kabla ya miaka 14 kulikuwa dalili ya hatari. Hapo ndipo panapotugusa. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo kama breki ya baiskeli, haikomai mpaka mtu apite miaka 20. Nasi hapa Munkunyu, kama kule kwetu ng'ambo ya mto Lubiriha, tunamtuma mtoto wa miaka 10 kununua waragi, au tunamwonjesha kasiksi aseme kama imeiva. Serikali ya Uganda ilikataza waragi ya mifuko midogo mwaka 2019, lakini bidoni iliyo chini ya kitanda haina askari.

Mama anayeuza pombe apate karo, hatumhukumu. Tunamwomba kuonja afanye mwenyewe. Na mtoto ambaye baba yake anakunywa ana hatari zaidi kweli. Huyo ndiye wa kukaribishwa kwetu jioni, ale na wenzake.

Swali la vikundi vya nyumbani: jioni, nani hutumwa dukani, na mtu mzima gani anaweza kwenda badala yake?